Tusome Kabla ya Kuchomeka: Umeme wa Ziada wa Mashine ya Kuchomelea



Katika kijiji kimoja cha milimani tulikuwa na darasa la jioni la watu wazima. Usiku wa huko una baridi kali. Nguzo za umeme zilikuwa hazijafika. Lakini kikundi cha mafundi wa kijiji kilikuwa na mashine ya kuchomelea vyuma, ile yenye injini ya petroli. Mchana mafundi walitengeneza plau, mageti na baiskeli. Jioni walituazima mashine yao tupate taa za kusomea. Ubavuni mwa mashine ile kuna soketi kama za ukutani. Tulichomeka waya, taa zikawaka, somo likaendelea.

Siku moja mvua ilinyesha jioni. Tuliisogeza mashine chini ya paa la baraza ili isilowe. Ilikuwa karibu kabisa na dirisha la darasa. Tukafunga mlango kwa sababu ya baridi. Tukaanza kusoma.

Baada ya muda mama mmoja alisema, "Mwalimu, kichwa kinanigonga." Tulidhani ni macho yamechoka. Mzee mmoja akaanza kusinzia. Watu wakamtania kwamba leo amelima sana. Kisha mama mwingine akatapika. Hapo fundi mmoja, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wetu, aliruka kutoka kwenye benchi. "Jamani, ni injini hiyo! Tokeni nje wote!"

Tulitoka mvuani. Mzee yule hakuweza kusimama, ilibidi tumbebe. Alipelekwa zahanati usiku uleule. Tunamshukuru Mungu, alipona.

Kosa lilikuwa letu sisi walimu. Tuliwafundisha watu kusoma, lakini sisi wenyewe hatukusoma maandishi yaliyobandikwa kwenye mashine. Asubuhi tulikwenda kuyasoma. Kumbe onyo lilikuwa pale pale, juu ya soketi, pamoja na picha ya nyumba iliyopigwa alama ya mkato.

Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya umeme wa soketi ya mashine ya kuchomelea. Umeme huu unatusaidia sana. Unawasha taa, unaendesha grenda, drili na pampu. Lakini ukitumiwa ovyo, unaua.

MASHINE MOJA, UMEME WA AINA MBILI

Injini ya mashine hii huzungusha jenereta. Kutoka hapo umeme hutoka kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya kuchomelea. Ina nyaya mbili nene. Waya mmoja una kishikio cha kijiti cha kuchomelea. Waya wa pili una kibanio kinachobana chuma.

Njia ya pili ni soketi. Huu ndio umeme wa ziada.

Ili tuelewe tofauti yake, tufikirie maji ya bomba. Tangi likiwa juu sana kilimani, maji hushuka kwa nguvu. Nguvu hiyo ya kusukuma, katika umeme, tunaipima kwa volti. Bomba likiwa pana, maji mengi hupita. Wingi huo wa umeme unaopita tunaupima kwa ampea. Kazi inayofanyika tunaipima kwa wati. Hesabu yake ni rahisi: volti mara ampea ni wati.

Umeme wa kuchomelea una ampea nyingi, mara nyingi 100 au zaidi. Lakini volti zake ni chache. Fundi akiwa anachomelea, huwa kati ya 20 na 30 hivi. Umeme wa soketi una ampea chache, lakini volti zake ni 230, sawa na umeme wa nyumba za hapa Tanzania.

Watu wengi huogopa cheche za kijiti, wakaidharau soketi. Cheche zinatisha macho. Soketi imekaa kimya. Lakini hizo volti 230 ndizo zinazopenya kwa urahisi zaidi katika mwili wa mtu, hasa mwenye jasho au miguu iliyolowa. Hata umeme wa kuchomelea unaweza kuua mtu aliyelowa. Basi tusidharau upande wowote.

TUSOME KIBATI KWANZA

Kila mashine ina kibati chenye maandishi. Kila chombo cha umeme nacho kina maandishi yake, huwa mgongoni au chini. Tuyasome. Tunatafuta mambo manne.

Jambo la kwanza ni volti. Chombo cha hapa kwetu kinataka volti 220 hadi 240. Lakini mashine nyingine huja zikiwa zimetumika nchi za nje. Zile zilizotengenezwa kwa matumizi ya Marekani huwa na soketi za volti 120. Chombo cha volti 120 kikichomekwa kwenye 230, kinaungua hapo hapo. Na mota ya volti 230 ikipewa 120, inasota, inapata joto, mwishowe nayo inaungua.

Jambo la pili ni aina ya umeme. Umeme wa nyumbani hubadilisha mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Kwenye kibati huandikwa AC. Hapa kwetu huandikwa pia 50 Hz, na Marekani ni 60 Hz. Lakini mashine nyingine za zamani zina soketi ya umeme unaokwenda upande mmoja tu, kama wa betri. Huandikwa DC. Huo utawasha balbu ya zamani ya waya. Lakini ukichomeka friji au pampu ya kawaida, mota itaungua.

Jambo la tatu ni wati ambazo soketi inaweza kutoa.

Jambo la nne ni maonyo. Tusiyaruke. Kama yameandikwa kwa lugha ya kigeni, tumtafute mtu wa kututafsiria kabla ya kuwasha.

TUPIGE HESABU

Tuseme kibati kinasema soketi ya mashine yetu inatoa wati 3,000. Tunataka kutumia vyombo hivi:

Grenda kubwa: wati 2,000
Drili: wati 600
Taa 4 za wati 10: wati 40
Jumla: wati 2,640

Jumla yetu ni ndogo kuliko 3,000. Basi tunaweza kuendelea.

Lakini hapa kuna mtego. Injini ni moja, na nguvu yake ni ileile. Fundi akianza kuchomelea, anachukua sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Kinachobaki kwa soketi kinapungua. Ni kama jozi moja ya ng'ombe. Hawawezi kuvuta plau na mkokoteni wakati mmoja.

Kitabu cha mashine huonyesha kiasi kinachobaki fundi anapochomelea. Tuseme kwa kijiti tunachotumia kinabaki wati 1,000. Taa na drili ni wati 640. Hizo zinaweza kuendelea. Grenda ya wati 2,000 lazima isubiri. Na kama fundi anatumia kijiti kinene, anayehitaji nguvu yote, huenda hata drili isubiri.

Kuna jambo jingine. Mota inapoanza kuzunguka hula umeme mwingi kuliko inapoendelea. Pampu ya wati 750 inaweza kutaka mara tatu ya hizo kwa muda mfupi wa kuanza, yaani wati 2,250, na pengine zaidi. Kwa hiyo tuwashe mota kubwa kwanza, ikiwa peke yake. Ikishazunguka vizuri, ndipo tuongeze vyombo vidogo.

Tukizidisha mzigo, swichi ya kujikata itakata umeme. Hiyo si mbovu, inatuambia tumezidisha. Tusiishikilie kwa kidole wala kuifunga kwa kamba ili isikate. Tupunguze mzigo kwanza, halafu turudishe.

INJINI IENDE KWA MWENDO WAKE

Mashine nyingi zina swichi ya kupunguza mwendo wa injini wakati hakuna kazi, ili kuokoa mafuta. Hiyo ni nzuri. Lakini injini ikiwa na mwendo mdogo, umeme wa soketi unakuwa hafifu. Mota hushindwa kuzunguka vizuri, hupata joto na kuharibika.

Grenda ikichomekwa, mashine nyingine huongeza mwendo zenyewe. Lakini mzigo ukiwa mdogo sana, kwa mfano taa moja au simu moja, mashine huenda isiutambue. Hapo tuiweke swichi kwenye mwendo mkubwa kabla ya kuchomeka kitu. Tukimaliza, tuzime kwanza chombo, kisha mashine.

Wako watu wanaofungua injini na kuongeza mwendo kwa bisibisi kuliko ule wa kiwandani. Eti ipate nguvu zaidi. Volti zitapanda na vyombo vitaungua. Mwendo wa injini upimwe na fundi mwenye kipimo.

MOSHI WENYE SUMU

Sasa turudi kwenye darasa letu. Ni nini kilichotaka kutuua?

Kila injini inayochoma petroli hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksidi. Injini ya dizeli nayo huitoa. Hewa hii haina rangi. Haina harufu. Hata pale usipoona moshi, inaweza kuwepo. Ni hewa ileile inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa.

Damu yetu ina kazi ya kubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Kaboni monoksidi hukamata nafasi ya hewa safi ndani ya damu, na haiachii kwa urahisi. Mtu anapumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili wake unakosa hewa.

Dalili zake ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, udhaifu na kuchanganyikiwa. Aliyelala huenda asiamke tena. Watoto wachanga, akina mama wajawazito na wazee hudhurika upesi. Kama watu wawili au watatu walio mahali pamoja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, tusiseme ni uchovu. Tutoke nje.

Basi injini isiwashwe ndani ya nyumba, karakana, ghala wala barazani. Kufungua dirisha hakutoshi. Iwekwe nje, mbali na milango na madirisha, mita 6 au zaidi. Bomba la moshi lielekee upande usio na watu, na upepo upeleke moshi mbali na nyumba.

Na mvua je? Mashine isinyeshewe ikiwa inafanya kazi, wala isikae kwenye dimbwi. Tuijengee kibanda mbali na nyumba, chenye paa tu, wazi pande zote. Kama hakuna kibanda, tuizime. Somo linaweza kungoja kesho. Hata sherehe inaweza kuendelea kwa taa za betri au za jua.

Neno moja juu ya petroli. Usiongeze mafuta injini ikiwa inazunguka au ikiwa ya moto. Zima, subiri ipoe, ndipo umimine. Tone moja likianguka kwenye bomba la moto linaweza kuwaka. Na usimulike tangi kwa kibatari wala kiberiti.

NYAYA NA PLAGI

Katika vijiji vingi tumeona mtu akichomeka nyaya tupu kwenye soketi, kisha akazibana kwa njiti za kiberiti. Huu ni mchezo na kifo. Waya ukichomoka unaanguka chini ukiwa na volti 230, na mtoto anapita hapo hapo. Plagi ni bei ndogo kuliko jeneza. Tununue plagi.

Plagi yetu ya kawaida ina miguu mitatu. Mguu mrefu ni wa waya wa ardhi, ambao huwa wa kijani au wa kijani na njano. Kazi yake ni ulinzi. Umeme ukivuja kwenye mwili wa grenda, waya huu huurudisha kwenye mashine, na swichi hujikata. Ukiukata mguu huo, umeme utangojea mkono wako. Vipo vyombo vilivyotengenezwa na miguu miwili, navyo vina kinga yao. Lakini chenye mitatu kisipunguzwe. Kama kitabu cha mashine kinataka mwili wa mashine uungwe kwenye chuma kilichopigwa ardhini, tufanye hivyo.

Ndani ya plagi kuna fyuzi. Fyuzi ya ampea 13 kwa volti 230 inapitisha wati 2,990, yaani karibu 3,000. Ikiungua, tutafute sababu, kisha tuweke nyingine ya kiasi kilekile. Tusiweke msumari wala karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi huungua ili waya na nyumba visiungue.

Waya wa kuunganishia uwe mnene wa kutosha na usiwe na mahali palipochunika. Ukiwa umezungushwa kwenye kibiringo, ukunjue wote. Waya uliokunjwa ukipitisha umeme mwingi hupata joto na kuyeyuka. Usipite kwenye maji, wala njia ya mikokoteni na pikipiki. Nje na mahali penye unyevu, tutumie kifaa cha kukata umeme unaovuja. Kifaa hicho hukata kwa haraka sana mtu akiguswa na umeme. Kama mashine haina, tumwombe fundi wa umeme atufungie.

Mafundi nao wasilaze grenda au drili iliyochomekwa juu ya chuma kinachochomelewa. Kibanio kikiwa kimelegea, umeme wa kuchomelea unaweza kurudi kupitia waya wa ardhi wa grenda na kuuunguza. Waya utaonekana mzima kwa nje, kumbe ulinzi umekwisha.

TUSICHOMEKE KWENYE NYAYA ZA NYUMBA

Siku hizi umeme umefika vijiji vingi kwa miradi ya REA. Lakini siku nyingine hukatika. Hapo mtu mwenye mashine hupata wazo. Anatengeneza waya wenye plagi pande zote mbili. Upande mmoja anachomeka kwenye mashine, upande wa pili kwenye soketi ya ukutani. Nyumba nzima inawaka. Watu wanamsifu.

Hebu tufuate njia ya umeme huo. Unatoka ukutani, unafika kwenye swichi kubwa ya nyumba. Kama haikuzimwa, unapita kwenye mita na kutoka hadi nguzoni. Unafika kwenye transfoma. Kazi ya transfoma ni kupunguza umeme wa laini kubwa, wenye volti 11,000 au 33,000, ili tuweze kuutumia nyumbani. Lakini umeme ukiingia kwa nyuma, transfoma hufanya kinyume. Hizo volti 230 za mashine yetu zinapandishwa kuwa maelfu.

Na wakati huo, juu ya nguzo, yuko fundi wa TANESCO. Amekuja kututengenezea laini. Anaamini imekufa. Fundi huyo ana mke na watoto kama sisi.

Pia waya huo ukichomoka ukutani, miguu ya plagi iko wazi na ina umeme. Na umeme wa TANESCO ukirudi ghafla, unakutana na wa mashine. Mashine inaungua, na moto unaweza kutokea.

Njia salama ni mbili tu. Ya kwanza, tuchomeke chombo moja kwa moja kwenye mashine. Ya pili, kama zahanati au shule inataka umeme wa mashine uingie kwenye nyaya za jengo, fundi mwenye leseni ya EWURA afunge swichi ya kubadilishia. Swichi hiyo huunganisha upande mmoja tu: ama TANESCO, ama mashine. Haiwezi kuunganisha pande zote mbili kwa pamoja. Kuzima swichi kubwa peke yake hakutoshi, maana binadamu husahau.

AJALI IKITOKEA

Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Utanaswa nawe. Zima injini kwanza. Kama huwezi kuifikia, simama juu ya ubao mkavu na uusukume waya kwa mti mkavu. Kama hapumui, aliyefundishwa huduma ya kwanza aanze mara moja. Wengine watafute usafiri wa kumpeleka zahanati.

Mtu akilewa hewa ya injini, mtoeni nje kwenye hewa safi na mzime injini. Apelekwe kwa mganga hata kama anasema amepata nafuu. Mwokoaji asikae ndani, naye ataanguka.

TUKUMBUKE

1. Tusome kibati cha mashine na cha chombo.
2. Tujumlishe wati kabla ya kuchomeka.
3. Injini ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba.
4. Tutumie plagi kamili na fyuzi ya kiasi chake.
5. Tusichomeke mashine kwenye soketi ya ukutani.

Darasa letu la milimani liliendelea. Mzee yule alirudi wiki iliyofuata. Alikataa kukaa mpaka azunguke nje kuangalia injini iko wapi. Ilikuwa mbali, kwenye kibanda kipya kisicho na kuta, kilichojengwa na wanafunzi wenyewe. Kisha akatuomba tuandike ubaoni maneno yaliyo kwenye kibati. Ndilo lilikuwa somo la jioni ile. Aliyasoma neno kwa neno, kwa sauti, mpaka mwisho.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Soketi ya mashine inatoa wati 3,000. Tuna grenda ya wati 2,000, pasi ya wati 1,000 na taa 5 za wati 10. Je, tunaweza kuwasha vyote pamoja? Pigeni hesabu.
2. Kuna msiba, ni usiku, na mvua inanyesha. Ndugu wanataka mashine iwekwe barazani. Mtawaambia nini, nanyi mtawasaidiaje kupata mwanga?
3. Katika kijiji chenu, nani ana mashine ya kuchomelea au jenereta? Nendeni mkaombe kusoma kibati chake pamoja naye.